Mtu wa Kukaa Nyuma

Kazi ya mume wangu ilikuwa kukaa nyuma ya pikipiki. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi walicheka, na baadhi yao wana mapengo hadi leo.

Duka lilikuwa Magongo, kando ya barabara, na mwenyewe akiitwa Gershom. Hakuna mwenye akili anunuaye pikipiki bila kuijaribu, kwa hiyo mteja aliacha kitambulisho mezani, akapewa ufunguo, akaenda nayo hadi Miritini na kurudi. Lakini kitambulisho hakimzuii mwizi. Mwizi ana vitatu. Pikipiki ya kwanza ilipokwenda Miritini isirudi, Gershom alikwenda polisi. Ya pili ilipopotea, alimtafuta Baya. Tangu hapo kila aliyejaribu pikipiki katika duka lile alimbeba Baya mgongoni, kilo mia na mbili za mume wangu, mikono juu ya mapaja, kimya.

Hakusema kitu njiani kwa sababu upepo hula maneno. Aligonga bega tu. Mara moja, geuza. Mara mbili, simama. Aliyegongwa mara mbili akakataa kusimama alikuwa mwizi, hapakuwa na mjadala, na hukumu yake ilikuwa ngumi ya sikio papo hapo, pikipiki ikiwa mbioni. Wote wawili walianguka, lakini Baya alikuwa amezoea kuanguka. Siku moja alirudi nyumbani jino la mtu limenasa kwenye kifundo cha kidole chake. Nililichomoa kwa sindano huku nikimtukana, naye akila ugali kwa mkono wa kushoto.

"Amekimbia?" nikamuuliza.

"Angekimbilia wapi? Goti nimelivunja."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kufunga mlango.

Simpambi, na wala simsingizii. Baya alizaliwa Bamba, kwenye ukame, na baba yake alimlea kwa kamba ya punda. Akiwa na miaka kumi na sita akaja Changamwe kubeba magunia kwenye maghala, ambako kila asubuhi wanaume walipigana langoni kugombea nafasi ya kuingia kazini, na aliyeangushwa alirudi nyumbani na njaa yake. Baya hakuangushwa. Hiyo ndiyo shule aliyosoma. Mimi nilikuwa nikikaanga viazi karai pale Magongo, na siku mlevi mmoja aliponipindulia beseni la unga niliokwisha kuukoroga, Baya alimkamata ukosi akamsugua uso kwenye unga ule ule hadi akaniomba radhi kwa jina la Yesu. Wasichana wengine huletewa leso. Mimi niliposwa hivyo.

Mimi mwenyewe alinipiga mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilimmwagia mafuta ya karai mguuni. Tukaelewana, na kwa miaka kumi na moja hapakuinuliwa mkono tena nyumbani kwetu.

Kwa kukaa nyuma ya watu wengi hivyo, Baya alijifunza pikipiki kwa makalio. Mnyororo ukilegea, aliujua. Gurudumu likiwa na kombo, alikuambia ni la mbele au la nyuma. Fundi wa duka alimcheka, kisha akaacha kumcheka, kisha akaanza kumuuliza. Ndiyo sababu siku pikipiki mpya nyekundu zilipoletwa dukani, Baya alirudi nyumbani akakaa kitako, chakula mbele yake, asile.

"Zile nyekundu hazisimami," akaniambia. "Ukiwa peke yako zinasimama. Mimi nikiwa nyuma, kwenye mteremko, breki inabana halafu inaachia."

"Umemwambia Gershom?"

"Nimemwambia. Amesema breki mpya ni kama kiatu kipya, itazoea mguu."

Kiatu kipya. Na bodaboda wa kwetu hapakii mtu mmoja. Hupakia mama, mtoto na mtungi wa gesi. Baya alilijua hilo, nami nililijua, tukanyamaza wote wawili. Kazi ni kazi.

Kipindi hicho ndipo alipoanza kuja Lenox, kijana wa bodaboda kutoka Kisauni. Lenox alijaribu pikipiki huku akijirekodi, simu moja kwenye usukani na nyingine kifuani, kisha akaziweka video mtandaoni. Hakutumwa na kampuni yoyote. Alisema ovyo na alisema kweli, yote kwa pumzi moja. Hii inakunywa mafuta. Hii kiti chake kitakuua kiuno. Hii usimpakie mama mkwe kama bado unamtaka binti yake. Watu wa bodaboda kuanzia Likoni hadi Mtwapa hawakununua kitu kabla ya kumsikia Lenox.

Dukani kwa Gershom alijaribu pikipiki mbili, na mzigo wake wa kujaribia ulikuwa mume wangu. "Jamani, huyu hapa ni Kaka Baya, kilo mia na mbili," akaiambia simu yake. "Pikipiki ikimbeba huyu, itabeba gunia la mkaa na mwenye mkaa." Watu walipenda sana. Haikupita wiki, watoto wa mtaani wakawa wanamwita Baya Mia na Mbili, na mwanamke mmoja aliyekuja kununua viazi akaniuliza kitanda chetu ni cha mbao gani. Chenji yake nilimrushia matopeni. Baya hakujali. Nadhani alifurahi kidogo, maana mtu kumtaja jina lake bila kutaka amwadhibu mwingine lilikuwa jambo geni kwake. Aliyekasirika ni mimi.

Gershom naye alikasirika, kwa sababu zake. Katika video ya pili Lenox alisema zile nyekundu zina breki ya kufikiria kwanza. Wanunuzi wakaanza kupita moja kwa moja hadi duka la mbele. Gershom akabandika tangazo ukutani: safari ya majaribio, hakuna simu, hakuna kamera.

Ugomvi ukahamia kwenye karai langu, kwa kuwa pale ndipo walipokula wote. Chrispine, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, mtu wa bara aliyekuja Mombasa zamani, alisema pikipiki inayoogopa kuonekana ina kilema. Gershom akamjibu akiwa na kiazi mkononi, na nitasema haki, hakujibu upumbavu. Alisema kule Likoni kijana mmoja aliyekuwa akizungumza na simu yake amemgonga mama muuza maboga akamvunja nyonga. Alisema Lenox si fundi, hana cheti, na uongo wake mmoja unafikia watu elfu kabla yeye hajavaa viatu.

"Pikipiki ni yangu mpaka uinunue," akasema. "Utaingia nyumbani kwangu unipigie picha chumba cha kulala, eti kwa sababu unafikiria kupanga?"

"Nyumba haiui, boss," Chrispine akamwambia.

"Kila mvua ikinyesha zinaua."

Walicheka. Mimi nilikuwa upande wa Gershom, na nakiri hapa kwa sababu pale nilisema mbele za watu. Nilisema hawa watu wa video ni mainzi: wanatua juu ya kidonda chako halafu wanataka uwashukuru kwa kukisafisha.

Basi Gershom akampa Baya amri. Simu yoyote utakayoiona, ivunje, na mkono ulioishika kama hautaki kuiachia. Baya alivunja tatu. Mwenye simu ya tatu alikataa kuiachia, na Baya akampigiza uso kwenye ubao wa meza yangu, mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi pua ikalala shavuni na damu ikachuruzika ndani ya bakuli langu la ukwaju. Yule mtu alikwenda zake akiwa amejishika uso kwa mikono yote miwili. Niliumwaga ukwaju nikatengeneza mwingine. Kilichoniuma siku ile ni ukwaju.

Asubuhi ya Jumanne moja Baya alikuwa akivaa shati la duka. Nikamwambia, "Huyo Lenox wako akirudi na kamera zake, usimwache."

"Lenox si mtu mbaya."

"Anakuuza kwa watu wakucheke, nawe unasema si mbaya. Hebu niambie, Baya, mimi nimeolewa na mume au na mzigo?"

Alifunga vifungo vyake vyote, hata cha kooni ambacho huwa hakifungi, akatoka.

Saa nne akaja mteja aliyevaa kofia ya kufunika uso mzima, akadai ana mafua, akaacha mezani kitambulisho ambacho baadaye kilijulikana kuwa cha binamu yake. Alichagua nyekundu. Yaliyofuata nayajua neno kwa neno kwa kuwa nimeyaona mara zisizo na idadi. Alikuwa na kamera ndogo chini ya kidevu cha kofia, ameizungushia kitambaa.

Kwenye video barabara inakuja. Mtaa wa Kwa Jomvu unapita. Kisha yule mtu anaanza kusema, taratibu, kwa sauti ya kufundisha: "Tuna mzigo kamili nyuma. Tunaanza kuteremka. Nabana breki ya mbele. Nimebana hadi mwisho. Haishiki. Ya nyuma inashika kidogo. Sasa inaachia." Huko nyuma Baya anasikia mtu anazungumza peke yake, na sauti hiyo anaijua. Mkono wake unakuja begani. Mara mbili. Simama.

Lenox anacheka. Si kicheko cha dharau. Nimekisikiliza sana, ni kicheko cha mtu aliyeshikwa na hofu na hataki watu wajue. "Kaka Baya," anasema, "hiyo simama ndiyo ninayoitafuta, siipati."

Mkono unagonga tena mara mbili. Pikipiki inazidi mwendo.

"Shika vizuri, kaka. Nitaipeleka kwenye mchanga."

Palikuwa na mchanga upande wa kushoto, kabla ya malori yaliyoegeshwa. Baya hakulisikia neno la mchanga, upepo ulilila. Alichosikia ni kicheko. Alichojua ni kwamba amegonga mara mbili na mara mbili tena, na mtu hajasimama, na kwa miaka tisa mtu wa namna hiyo alikuwa mwizi. Na kichwani mwake, aliniambia baadaye, nilikuwemo mimi, namuuliza kama yeye ni mume au mzigo. Ngumi inaingia kwenye picha kutoka kulia. Barabara inalala ubavu. Tela la lori linakuja.

Lenox aliingia chini ya tela kwa kichwa. Kofia ilipasuka vipande viwili. Baya alirushwa mtaroni, mtulinga wa bega la kushoto ukavunjika, naye akatambaa kwa mkono mmoja hadi alipomfikia. Alimkuta macho wazi, damu inatoka masikioni, mguu mmoja ungali unapiga teke lami, unapiga, unapiga, kisha ukaacha. Hapo ndipo Baya alipofanya jambo aliloajiriwa kufanya. Aliing'oa ile kamera, akatoa kikadi chake cha kuhifadhia video, akakitia mdomoni kabla watu wa malori hawajafika.

Mchana ule ule Gershom alisimama mbele ya duka lake akawaambia watu, "Tazameni matunda ya video. Alikuwa akijirekodi kwa siri, akaacha kutazama njia." Kila mtu aliamini. Hata Chrispine aliinamisha kichwa. Nyekundu nne ziliuzwa kabla ya Ijumaa.

Baya alimwambia Gershom kwamba kamera ilisagika. Kwangu alikuja na kikadi, tukakitia kwenye simu yangu, tukatazama tumekaa kitandani, mlango umefungwa, watoto wakiwa shuleni. Ilipokwisha Baya aliilaza simu kifudifudi. Kisha akasema, "Nimempiga kwa sababu hakusimama, na pikipiki ilikuwa haisimami. Nilijua haisimami, Mweri. Nilijua kabla yake."

Nilikichomoa kikadi, nikatoka nacho mbio hadi uani, mafuta yalipokuwa yakichemka kwa viazi vya jioni. Sikufikiria Lenox. Nilifikiria steji nzima ya bodaboda wakimkatakata mume wangu. Baya alinifikia mkono wangu ukiwa juu ya karai. Alinikaba koo kwa ule mkono mzima. Nikachukua upawa wa kuepulia, wa moto, nikambandika shingoni, nikasikia ngozi yake ikichemka. Hakuniachia. Nikambandika tena. Tulikuwa tunakanyaga viazi, tunakanyaga makaa, jirani anapiga kelele ukutani, naye ananiambia tu, "Nipe. Nipe, Mweri."

"Watakuua."

"Nipe."

Machozi yalikuwa yakimtoka. Mimi sikuwahi kuyaona, na sidhani kama mamaye aliwahi. Nikampa. Tangu hapo jambo letu likawa moja tu, nalo lilikuwa wazi kama mchana: video ikionekana, Baya atauawa, isipoonekana, zile nyekundu zitaendelea kuua, na kila atakayekufa itasemwa ni mapenzi ya Mungu. Alisema atangoja Lenox azikwe kwanza. Nami nilimwacha angoje, nikitumaini atalegea.

Jumamosi Lenox alitolewa Kisauni kupelekwa kwao Kaloleni. Bodaboda akifa, wenzake humsindikiza kwa pikipiki, honi mfululizo, watu watatu watatu kwenye kiti. Tulikwenda kusimama Kwa Jomvu kando ya barabara, mbali na macho ya watu, Baya mkono wa kushoto umefungwa shingoni, juu ya madonda niliyomtia. Walipoanza kupita nikaona midomo yake inachezacheza. Alikuwa akihesabu nyekundu. Moja, waombolezaji watatu. Nyingine, mama na mtoto katikati. Alipofika thelathini aliacha.

"Wanakwenda kuteremka Rabai," akasema. "Hivyo hivyo."

Kabla sijamshika shati alikuwa kati ya barabara, mbele ya gari la maiti.

Dereva alikanyaga breki, msafara ukajibana nyuma yake. Walimtambua. Jiwe la kwanza lilimpata kinywani. Chrispine akashuka, kitambaa chekundu cha msiba kichwani, akamwambia, "Toka njiani, mbwa wa Gershom."

"Tazameni kwanza," Baya akasema, akitema damu. "Kisha mnifanye mtakavyo. Mweri, waonyeshe."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuiangusha chini ya gurudumu la lile gari, na leo ningekuwa na mume nyumbani na maiti wengine kaburini nisiowajua. Nasema kweli: nilipima. Halafu nikamwona yule mtoto aliyebanwa katikati juu ya nyekundu, anatafuna muwa, nikampa Chrispine simu.

Video ni dakika nne. Honi zilinyamaza moja moja kutoka mbele kwenda nyuma. Watu walipanda juu ya viti vya pikipiki wapate kuona. Mama yake Lenox, Mama Sarah, aliteremka kutoka kwenye gari akasimama begani kwa Chrispine, leso mbili mabegani, akamsikiliza mwanawe akisema breki haishiki. Akaiona ngumi. Hakupiga yowe. Alimwendea Baya, akamtazama kutoka chini hadi juu, maana yeye ni mfupi.

"Ni mkono gani, mwanangu?"

Baya akauinua wa kulia.

Sidhani yule mama aliomba lililofuata. Nadhani alitaka kujua tu. Lakini wale vijana walikuwa wamepata jibu. Walimwangusha, wakamburuta hadi kwenye ukingo wa saruji wa barabara, wakaulaza mkono pale, wanne wakamkalia. Mmoja alileta jiwe la kuzuilia lori. Wa kwanza alipiga kifundo. Wa pili alipiga pale pale, na mfupa ukatoka nje ukiwa mweupe. Baya alilia mara moja tu, sauti ya ng'ombe, kisha akawa anapumua kwa nguvu, na wao wanapokezana jiwe. Wengine walimpiga mateke ya mbavu kwa zamu. Niliruka juu ya mgongo wa mmoja nikamng'ata sikio hadi nikaonja damu, nikapigwa kofia ya chuma kichwani, nikaamka nikajaribu tena. Pande zote simu zilikuwa juu, zinarekodi, na hakuna aliyewakataza.

Mama Sarah ndiye aliyesema, wala hakupaza sauti. "Basi. Mnanichelewesha na mwanangu."

Wakaacha. Jiwe lilibaki juu ya saruji, na nywele za mkono wa mume wangu zimegandia juu yake.

Chrispine alirudi kwenye pikipiki yake. Ilikuwa nyekundu. Aliitazama muda mrefu, akabana breki ya mbele, akaiachia, akaibana tena. Kisha akazima injini, akawaambia watu wake wawili washuke, akaanza kuisukuma. Mwenye nyekundu wa pili akafanya hivyo hivyo. Wakafuata wengine, hadi wote. Gari la maiti likaondoka mwendo wa konokono, na nyuma yake zile nyekundu zilisukumwa jua la saa saba, mlima kwa mlima, hadi Mazeras, ambako waliziacha uwanjani wakapanda malori kwenda kuzika. Hiyo nimesimuliwa. Mimi nilikuwa chini, kichwa cha Baya mapajani mwangu, najaribu kuufunga mkono kwa gauni langu bila kujua niushike wapi.

Hospitali waliukata chini ya kiwiko. Alipopona walimpeleka mahakamani, akakubali kosa kabla hajamaliza kusomewa, hakimu akampa miaka minane. Nikimtembelea huniuliza watoto wanasoma vipi, na kama kuna pikipiki nyekundu nimeiona barabarani. Namwambia hapana. Ni kweli. Vioo vya duka la Gershom vilivunjwa jioni ya siku ya mazishi, naye mwenyewe walimvunja taya kabla hajapata mlango wa nyuma. Sikumhurumia, na kanisani nimeungama hilo lakini sijatubu.

Siku hizi steji ya Magongo ina sheria yake: duka linalokataza kamera kwenye safari ya majaribio halinunuliwi kitu. Watu huniuliza mimi naonaje, kana kwamba mimi ni jaji. Nawaambia hawa watu wa video bado siwapendi. Wanasema mno, wanajipenda, na mmoja juzi alipiga picha karai langu bila hodi nikamfukuza na upawa. Lakini waacheni warekodi. Lenox hakuuawa na kamera. Kamera ndiyo peke yake iliyosema aliuawa na nini, na sisi tuliokuwa tunajua tulikuwa tumefunga midomo.

Mama Sarah huja kwangu mara moja kwa mwezi, kutoka Kisauni. Mara ya kwanza nilidhani amekuja kunilaani, nikajiweka tayari. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba," akakaa kwenye benchi langu, akasema video iliyo kwenye simu za watu haimfai. Wameikata. Inaanza kwenye ngumi, na wengine wameitia muziki. Yeye anataka yangu, nzima, kutoka mwanzo. Sijamwambia nililomwambia Baya ile asubuhi ya Jumanne. Mara mbili nimefungua kinywa, na mara zote mbili nimeishia kumuuliza kama atapenda ukwaju zaidi.

Nafuta mikono mafuta, namwekea. Barabara inakuja. Mwanawe anapumua ndani ya kofia, anakohoa yale mafua yake ya uongo, anaimba kidogo kabla ya Kwa Jomvu, na mama anatikisa kichwa kwa sababu anaimba vibaya. Kidole changu kiko juu ya kioo, kimetulia. Anasema breki haishiki. Anacheka. Anamwambia mume wangu ashike vizuri, ataipeleka kwenye mchanga. Hapo nabonyeza, na barabara inasimama.

"Hapa bado yu hai?" ananiuliza, kila mara.

"Yu hai, mama."

"Rudisha mwanzo," anasema, nami narudisha.